Likipotea, Litarudi Vipi?

Dada yangu ana steshenari karibu na chuo. Duka lenyewe ni dogo: mashine ya fotokopi mlangoni, printa mbili, mashine ya laminesheni, na kompyuta mpakato moja ambayo ndiyo jembe lake. Ndani ya kompyuta hiyo mna tafiti za wanafunzi alizochapa kwa miaka sita, daftari la kikoba cha akina mama wa mtaani, bajeti za kamati za harusi na barua za serikali ya mtaa. Jioni moja kijana alileta flashi, akaomba atolewe kurasa kumi na mbili. Asubuhi yake kila faili lilikuwa limeota mkia wa herufi ngeni mwishoni mwa jina, halifunguki, na kwenye skrini palikuwa na tangazo la Kiingereza likidai fedha ili mafaili yaachiwe.

Alinipigia simu bila wasiwasi. "Mdogo wangu, njoo unisaidie kusafisha hii mashine tu. Vitu vyangu vyote viko kwenye wingu." Nilipofika tukafungua akaunti yake ya mtandaoni kwa simu yangu. Mafaili yalikuwepo yote, kwa idadi yake na kwa mpangilio wake. Na kila moja lilikuwa na mkia uleule.

Tuliokoa mengi, kwa sababu huduma ile ilikuwa inatunza matoleo ya nyuma ya kila faili kwa siku 30. Tulikesha siku tatu tukibofya faili mojamoja na kulirudisha lilivyokuwa kabla ya flashi ile. Kitu kimoja hatukukipata. Miezi mitano nyuma, kompyuta ilipoanza kujaa, dada alikuwa amefuta folda ya sauti ya marehemu baba: dakika arobaini ambazo baba anataja ukoo, kuanzia babu wa babu yake hadi sisi, akikatiza kila mara kukohoa na kuomba maji. Aliifuta kwenye kompyuta akiamini kwamba kule mtandaoni itabaki. Haikubaki. Tulichoambulia ni kipande cha dakika tatu ambacho binamu yetu alikuwa bado nacho kwenye simu.

Naandika makala haya kwa ajili ya dakika zile zilizopotea. Tunapotafuta mahali pa kuweka mafaili mtandaoni, wengi wetu huuliza kwanza, wananipa nafasi kiasi gani? Kisha, bei gani? Ni maswali halali, lakini zamu yake ni ya baadaye. Swali la kwanza liwe hili: faili langu likipotea, litarudi vipi? Huduma isiyoweza kulijibu hilo waziwazi haikufai, hata ikikupa nafasi ya kujaza maktaba ya taifa.

Kusawazisha na kuhifadhi ni mambo mawili

Huduma ya dada haikukosea. Ilifanya kazi yake barabara, ila kazi yenyewe haikuwa ile aliyoidhani. Google Drive, OneDrive, Dropbox na iCloud zimejengwa kwanza kwa ajili ya kusawazisha. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba folda iliyo kwenye kompyuta, iliyo kwenye simu na iliyo mtandaoni zinafanana wakati wote. Ukiandika sentensi hapa, inaonekana kule. Ukifuta hapa, inafutika kule. Kirusi kikiharibu hapa, uharibifu nao unapelekwa kule kwa uaminifu uleule.

Huduma ya nakala rudufu, ambayo mtaani tumezoea kuiita bakapu, ina kazi nyingine. Backblaze, IDrive, Carbonite na CrashPlan ni za aina hii. Programu ndogo inakaa kwenye kompyuta, inapitia mafaili kimyakimya, inapeleka nakala ya kila lililobadilika, na inaendelea kutunza ya jana, ya juzi na ya wiki mbili nyuma hata kama ya leo yameharibika. Kule huendi kufanya kazi kila siku. Unakwenda siku ya msiba.

Majina yenyewe yanachanganya. Windows itakuuliza kama unataka bakapu ya folda za Desktop, Documents na Pictures kwenye OneDrive. Ukikubali, folda hizo zinahamia ndani ya OneDrive na kuanza kusawazishwa, na zile GB 5 za bure hujaa kabla hujageuka. Mtu anaona neno bakapu, anatulia.

Sisemi uziache huduma za kusawazisha. Mimi nazitumia kila siku, na kwa anayeandika leo kwenye kompyuta ya ofisini na kesho kwenye simu ndani ya daladala, ni msaada mkubwa. Jua tu mipaka yake. Faili ulilofuta kwenye Google Drive hukaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha linaondolewa. OneDrive ya mtu binafsi, iCloud Drive na Dropbox ya bure nazo zinakupa siku 30. Muda huo unamtosha anayejua kwamba amepoteza kitu. Dada hakujua kwa miezi mitano.

Pima mzigo kabla ya kutafuta ghala

Kabla hujafungua ukurasa wa bei wa kampuni yoyote, kaa na kompyuta yako nusu saa. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome ukubwa wake. Andika kwenye karatasi. Kisha gawa vilivyomo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo duniani viko kwako tu: picha za familia, sauti za wazee, utafiti wako, hesabu za biashara, vyeti na hati ulizoskani. Fungu la pili ni vitu unavyoweza kuvitengeneza upya kwa jasho: mitihani uliyotunga, violezo vya barua, orodha za wateja. Fungu la tatu ni vinavyopatikana tena kwa kupakua: filamu, muziki ulionunua, programu, vitabu vya PDF.

Watu wengi hukuta kwamba fungu la tatu ndilo limejaza kompyuta, na la kwanza, ambalo ndilo la kulilia, ni dogo ajabu. Kompyuta ya dada ilikuwa imebeba GB 310. Tulipochambua, fungu la kwanza na la pili kwa pamoja hayakufika GB 22. Hapo gharama ilishuka, bando likaanza kutosha, na uchaguzi ukawa mwepesi.

Bure nayo ina viwango vyake. Google inatoa GB 15, lakini zinagawanywa kati ya barua za Gmail, Drive na picha za Google Photos, ambazo tangu Juni 2021 zinahesabiwa. Siku hizi hata bakapu ya WhatsApp kwenye simu za Android inakula humohumo. OneDrive na iCloud zinatoa GB 5, Dropbox GB 2, IDrive GB 10. Kwa fungu la kwanza la mwanafunzi hizo zinatosha. Kwa mwenye watoto watatu na simu yenye kamera nzuri, hazimalizi mwaka.

Mnatunza ya nyuma kwa muda gani?

Hili ndilo swali la kwanza la kuuliza huduma unayoifikiria. Faili likiharibika leo nami nikagundua baada ya miezi miwili, nitalipata lilivyokuwa kabla? Likifutwa kwa bahati mbaya, litakaa muda gani kabla halijaondolewa kabisa? Majibu yanatofautiana sana. Backblaze kwa kawaida hutunza matoleo kwa siku 30, lakini unaweza kuingia kwenye mipangilio na kuchagua mwaka mzima, na mimi nakushauri ufanye hivyo siku hiyohiyo unapojiunga. IDrive hutunza hadi matoleo 30 ya faili moja, na kitu ulichokifuta kwenye kompyuta hakifutwi kule mpaka uamuru mwenyewe. Sifa hiyo moja ingeiokoa sauti ya baba.

Uliza pia kama unaweza kurudisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, kama kilivyokuwa tarehe fulani. Kirusi cha kudai fidia hakiharibu faili moja, kinaharibu maelfu kwa saa chache. OneDrive inatoa uwezo huo kwa wanaolipia Microsoft 365, na Dropbox kwa wateja wake wa kulipia. Asiyekuwa nao atakesha siku tatu kama sisi.

Jambo lingine linalowaponza watu ni eksteno. Baadhi ya huduma zinahifadhi na diski ya nje uliyochomeka, lakini zinataka uichomeke mara kwa mara. Kwa Backblaze, diski ikikaa kabatini kupita muda ule uliochagua wa kutunza matoleo, inahesabiwa kama imefutwa, na nakala zake zinaondolewa. Soma sharti hili kabla hujaikabidhi picha za harusi ya mtu.

Bando langu litaweza?

Kampuni nyingi za huduma hizi zimejengwa kwa watu wenye intaneti isiyopimwa. Sisi wengi wetu tunanunua bando, na umeme unakatika. Kwa hiyo piga hesabu. GB 1 ni megabiti 8,000. Kama kasi yako ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, GB 1 itachukua zaidi kidogo ya saa moja. GB 100 zitachukua saa 111, yaani zaidi kidogo ya siku nne na nusu, usiku na mchana bila kupumzika. Kwa kasi ya megabiti 10 kazi hiyohiyo inaisha kwa saa 22. Pima kasi ya kupakia, maana kwenye miunganisho mingi ni ndogo kuliko ya kupakua, na matangazo hutaja ya kupakua.

Mzigo mzito ni wa mara ya kwanza. Baadaye huduma nzuri hupeleka kilichobadilika tu. Hapo kuna swali jingine la kuuliza: faili kubwa likibadilika kidogo, mnapeleka lote au sehemu iliyobadilika? Kama una faili la hesabu la GB 2 unalolifungua kila siku, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama bando litafika mwisho wa wiki.

Hakikisha pia programu inakuruhusu kuweka kikomo cha kasi na kuchagua saa za kufanya kazi, ili ipakie usiku wakati wewe huhitaji mtandao. Na umeme ukikatika katikati, iendelee pale ilipoishia. Dada alipakia GB 22 zake kwa usiku tisa kwa bando la usiku, na umeme ulikatika mara nne. Kila uliporudi, kazi iliendelea.

Na kuna siku ambazo hakuna bando litakalokusaidia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya, Uganda na majirani ikayumba kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala zake zote ng'ambo tu aliziona kwa mbali kama meli iliyotia nanga nje ya bandari. Nitalirudia hili.

Ufunguo anao nani?

Karibu huduma zote zinazojulikana husimba mafaili yako, yaani huyageuza yasisomeke njiani na yakiwa ghalani. Swali ni nani anayeshika ufunguo wa kuyafumbua. Kwa huduma nyingi ufunguo unabaki kwa kampuni. Faida yake ni kwamba ukisahau nenosiri wanaweza kukusaidia kuingia. Hasara yake ni kwamba kuna watu wengine wenye uwezo wa kuyafungua. Backblaze na IDrive zinakuruhusu kuweka ufunguo wako mwenyewe. MEGA, Proton Drive na Tresorit zimejengwa hivyo tangu mwanzo. iCloud nayo tangu Desemba 2022 ina mpangilio wa kukukabidhi ufunguo, ila lazima uuwashe mwenyewe.

Ukichagua kushika ufunguo, elewa unachokubali. Ukiupoteza, mafaili yatabaki kule milele na hakuna ofisi utakayoipigia simu. Kwa picha za familia, ninaona ni heri kuiachia kampuni ufunguo na kuilinda akaunti vizuri. Kwa wakili, zahanati, mhasibu, au mtunza daftari la kikoba lenye namba za vitambulisho vya watu, shika ufunguo wako, uandike kwenye karatasi mbili, uziweke katika nyumba mbili.

Taarifa za watu zina sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za wengine azilinde, na zote zimeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kama biashara yako inatunza taarifa za wateja, uliza seva za huduma ziko nchi gani kabla hujalipa, na ulihifadhi jibu lao kwa maandishi.

Na kampuni ikifunga duka?

Huduma hizi ni biashara, na biashara hufa au hubadili njia. Ubuntu One ilifungwa mwaka 2014. Copy, iliyokuwa ya kampuni ya Barracuda, ilifungwa Mei 2016. CrashPlan, ambayo wataalamu wengi waliisifu, ilitangaza Agosti 2017 kwamba inaachana na wateja wa nyumbani, na kufikia Oktoba 2018 huduma hiyo ya nyumbani ilikuwa imezimwa. Katika yote hayo watu walipewa muda wa kuhama. Aliyekuwa hafungui barua pepe zake ndiye aliyeumia.

Maghala yenyewe yanaungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa wameweka nakala rudufu katika eneo lilelile la seva zao walipoteza vyote viwili kwa pamoja. Wingu ni kompyuta za watu wengine zilizo katika nyumba ya watu wengine, nayo nyumba hiyo ina paa, umeme na moto kama yako.

Malipo nayo yanahusika hapa. Nyingi ya huduma hizi zinalipiwa kwa dola kupitia kadi. Nchini Kenya, M-Pesa imekuwa na kadi ya Visa ya mtandaoni tangu 2022, na benki nyingi za ukanda wetu zinatoa kadi za kulipia mtandaoni. Angalia mambo matatu: bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo, tarehe kadi yako inapoisha muda, na kitakachotokea malipo yakikwama. Uliza wanasubiri siku ngapi kabla hawajafuta. Andika tarehe ya kulipa kwenye kalenda ya ukutani, ile ambayo nyumba nzima inaiona.

Hata ya bure ina sharti. Google imejipa haki ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, na utekelezaji wake ulianza Desemba 2023. Akaunti ya zamani uliyoijaza picha za chuo kisha ukaisahau, ifungue leo.

Nakala tatu, mahali pawili

Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh, nayo ni rahisi kukumbuka: kuwe na nakala tatu za kila faili la maana, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni kompyuta yako, eksteno moja na huduma moja ya mtandaoni. Eksteno inakuokoa siku nyaya za baharini zinapokatika, na inarudisha GB 100 kabla chai haijapoa, ikiwa diski ni nzuri. Mtandao unakuokoa siku mwizi anapobeba kompyuta na eksteno katika begi moja, au mafuriko yanapoingia chumbani.

Ila eksteno isiachwe imechomekwa. Kirusi kilichoingia kwenye kompyuta ya dada kingeifuata na eksteno palepale. Ichomeke mara moja kwa wiki, nakili, ichomoe, iweke kabatini mbali na dirisha.

Sasa nani achague nini? Mwanafunzi mwenye utafiti na picha chache hahitaji kulipa. Atumie GB 15 za Google, na kila Ijumaa abane folda ya utafiti kuwa faili moja lenye tarehe, alipakie kwa kivinjari nje ya folda zinazosawazishwa. Kirusi cha kwenye kompyuta hakilioni faili hilo. Aweke nakala nyingine kwenye flashi isiyofanya kazi nyingine yoyote.

Steshenari, ofisi ya wakili, shule ndogo: lipia huduma ya kweli ya nakala rudufu. Kama una kompyuta tatu na mafaili ya wastani, huduma kama IDrive, inayopokea vifaa vingi ndani ya akaunti moja, itakugharimu kidogo. Kama una kompyuta moja iliyojaa na intaneti ya fayiba, Backblaze haipimi ukubwa, inalipisha kwa kompyuta.

Mpiga picha za harusi mwenye TB 4 za video, usijaribu kupakia zote kwa bando. Nunua eksteno mbili, moja ikae studio na nyingine kwa ndugu mtaa wa pili, uzibadilishe nafasi kila wiki. Mtandaoni peleka albamu zilizokamilika tu.

Mlango wa akaunti

Mafaili yote sasa yako nyuma ya nenosiri moja. Lifanye refu, lisitumike kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Hapa kuna mtego ambao sisi tunaujua vizuri: laini ya simu. Ukiifunga akaunti kwa namba ambayo huitumii tena, laini hiyo inaweza kufungwa na kupewa mtu mwingine, na ujumbe wenye namba ya siri utamfikia yeye. Kwa hiyo tumia programu ya kuthibitisha badala ya SMS pale inapowezekana, na chapa zile namba za dharura ambazo huduma hukupa. Zitie kwenye bahasha pamoja na hati ya kiwanja.

Na mwambie mtu mmoja unayemwamini bahasha iko wapi. Google inakuruhusu kuteua mtu atakayepewa taarifa akaunti yako ikinyamaza kwa muda uliouchagua, na Apple tangu Desemba 2021 ina nafasi ya kumweka mrithi wa akaunti. Tunaandika wosia wa shamba, tunasahau picha za watoto.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi

Wahenga walisema akiba haiozi. Hii ya kompyuta huoza usipoichungulia. Programu inaweza kusimama bila kukuambia, nafasi inaweza kujaa, folda mpya uliyoianzisha Machi inaweza kuwa haimo kwenye orodha ya kuhifadhiwa, na alama ya kijani ikaendelea kuwaka kwenye kona ya skrini. Kitakachokuhakikishia kwamba nakala ipo ni kuirudisha. Lifanye hili katika siku za majaribio ya bure, kabla hujalipa hata senti: pakia folda ndogo, futa faili moja, badili jingine, kisha vitafute vyote viwili kama kwamba umevipoteza kweli. Ukitumia zaidi ya dakika kumi kutafuta kitufe cha kurudisha, tafuta huduma nyingine, maana siku ya msiba mikono itakuwa inatetemeka.

Dada sasa ana utaratibu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla hajafungua duka, anachagua faili moja bila mpango, analipakua kutoka kwenye akaunti hadi kwenye simu yake, analifungua na kulipitia hadi mwisho. Kisha anaandika tarehe kwenye daftari la mauzo, pembeni, kwa wino mwekundu. Mwezi mmoja ilikuwa barua ya mtaa, mwingine ukurasa wa daftari la kikoba.

Jumamosi iliyopita nilikuwapo. Alichagua kile kipande cha binamu. Tulisimama wawili nyuma ya kaunta tukitazama mstari wa kupakua ukijaa polepole, mashine ya fotokopi ikiwa bado imezimwa. Kikashuka, kikafunguka. Baba akataja majina manne, akakohoa, akaomba maji.